Pasipoti ya Rondang

Siantar, 9 Machi

Kwako mdogo wangu Lamtiur,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, Kannan naye mzima, na mtoto anazidi kupata nguvu za kukunyima usingizi. Sisi huku hatujambo. Kikohozi kimemwachia Mama tangu mvua zipungue. Goti la Baba ni lile lile, na ukimwambia atumie fimbo anakuuliza ni lini umeona mwalimu akishika fimbo bila kumchapa mtu. Mimi nipo gereji, mafuta mpaka kwenye nyusi. Zile pikipiki kuukuu za Waingereza zinazobeba abiria mjini zinazidi kuchoka, na mafundi wanaozijua tumebaki wachache, kwa hiyo sikosi kazi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu haya ninayotaka kukuambia, kwenye simu ningeyafuta kabla hujayasoma.

Nianze na habari yenyewe: nimepata pasipoti mpya. Jina ni Rondang, na mahali pa jinsia pameandikwa mwanamke. Habari za upasuaji Mama alishakupa, najua. Ambayo hakukuambia ni yaliyotokea mahakamani, maana nilimwomba aniachie niyaseme mwenyewe.

Unajua kwetu mambo haya hayaishii dirishani kwa karani. Sharti hakimu aseme kwanza. Nilipeleka barua za madaktari na cheti cha kuzaliwa, na makaratasi mengine ambayo karani aliyapekua mara tatu kana kwamba kuna noti imejificha ndani. Kisha nikaambiwa nilete mashahidi wawili wa familia. Mama alikubali kabla sijamaliza kuuliza. Mjomba Sahala naye alikubali, akala samaki niliyempikia mpaka akalamba vidole, akasema, "Mpwa wangu, jambo hili niachie mimi." Asubuhi ya siku yenyewe akapiga simu. Mkewe amemuuliza watu wa kanisani watasemaje. Nikamwambia haya, Mjomba. Ningesema nini tena?

Baba ndiye aliyemleta Mama kwa pikipiki. Tangu nilipoanza kufuga nywele, mimi na yeye tumekuwa tukizungumza habari za vitu tu: spana, matairi, mvua. Sikumlaumu sana. Ukoo wake ulikuwa upitie kwangu, hana mtoto mwingine aliyemwandika wa kiume. Siku hiyo alisema yeye ni dereva tu. Akaketi kantini na kahawa yake, mgongo kaugeuzia mlango wa mahakama.

Mama alipopata habari za Mjomba akamfuata Baba huko huko kantini. Sikusikia yote, ila hili nilisikia, na walinzi pia walilisikia: "Basi kaa hapo. Miaka arobaini umefundisha watoto wa watu kusema kweli, leo imekushinda ya mtoto wako!"

Baba akamaliza kahawa yake taratibu, unamjua. Halafu akainuka.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Aliniuliza kazi yangu. Nikasema fundi pikipiki. Akatazama vidole vyangu, akauliza, "Mwanamke, fundi pikipiki?" Nikamjibu, "Mheshimiwa, hata nilipokuwa mwanamume kwenye karatasi, pikipiki hazikuwahi kuniuliza." Karani akajifanya anakohoa. Hakimu hakucheka, aliandika.

Mama alisema yake kwa ufupi. Ikafika zamu ya Baba. Alipokwisha kula kiapo, hakimu akamuuliza mimi ni nani kwake. Baba akafunga kifungo cha juu cha shati lake. Kisha akasema, "Nina watoto wawili."

"Sijauliza idadi, Mzee."

"Najua, Mheshimiwa. Naomba niseme kwa mpangilio wangu."

Akaeleza kwamba mimi alikwenda kuniandikisha mwenyewe, na neno mvulana alilijaza kwenye fomu kwa mkono wake, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mkunga. "Mtoto sikumuuliza," akasema, "hakuwa na lugha bado. Alipoipata lugha aliniambia. Alikuwa na miaka sita. Nikamchapa." Lamtiur, mimi nilidhani yeye alishasahau. "Fomu ile ina kosa," akasema, "na mwandiko ni wangu."

Hakimu akamuuliza kama anaelewa kwamba hatabaki mwana wa kiume wa kubeba jina la ukoo. Baba akajibu, "Naelewa kuliko mtu yeyote humu ndani." Akaninyooshea kidole, akasema mimi ni boru wake. Boru! Neno ambalo mpaka siku ile lilikuwa lako peke yako nyumbani kwetu. Hakimu akamgeukia karani: "Andika, binti."

Tulipotoka hakunikumbatia. Alisema tairi ya nyuma imepungua upepo, je, nina pampu? Nikaijaza huku machozi yananitoka, naye akaishikilia pikipiki isiyumbe.

Baada ya hapo mengine yalikuwa ya foleni. Ofisi ya vizazi na vifo waliita lile jina la zamani kwenye kipaza sauti, nikashtuka, na mama mmoja mwenye kichanga akanigusa begani: "Dada, si mumeo huyo? Nenda umjibie, hawa hawarudii!" Nikaenda. Karani akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema ndiye mimi. Akatazama karatasi, akanitazama, akarudi kwenye karatasi. "Haya, basi tuagane naye," akasema, akagonga muhuri. Na kwenye pasipoti ilibidi picha ipigwe mara nne, kwa kuwa mpiga picha aliniambia, "Dada, funga mdomo, mashine haitaki meno," na mimi meno yalikataa kufichika.

Sasa, mdogo wangu, nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Miaka saba iliyopita sikuja harusini kwako huko Penang. Baba alikataa kwa kuwa haikufuata mila zetu, Mama akabaki naye, na mimi nikawa mtu pekee wa upande wako. Uliniomba nivae suti, nisimame kama kaka yako kwa siku moja tu, niwafunike wewe na Kannan, kwa baraka za ukoo, ile shali ya ulos aliyoifuma Mama. Nikakubali. Halafu nikakuandikia kwamba nimelazwa kwa homa ya dengi. Ukasimama mbele ya wakwe zako mabega matupu.

Sikuwa na homa. Nilifika uwanja wa ndege na tiketi mkononi, suti na shali zimo begini. Afisa akatazama picha kwenye pasipoti, ile ya masharubu niliyofuga ili kumfurahisha Baba, akanitazama mimi. Hakuwa mkali. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kunipitisha: "Huyu ni wewe, sivyo?" Neno moja lilitosha. Mimi nikasema, "Hapana. Si mimi." Akadhani sikumsikia, akarudia. Nami nikarudia. Nikachukua begi langu nikapanda basi la kurudi.

Hakuna aliyenizuia, Lamtiur. Nilishindwa kumwambia afisa uongo mdogo, nikakuambia wewe ule mkubwa. Ulinililia kwenye simu. Ukamwomba jirani aniletee juisi ya mapera ya kuongeza damu, na mimi mzima wa afya nikainywa. Sisemi nilikosea kumjibu vile, wala sisemi ulikosea kuniomba suti. Nasema nilikuacha peke yako, kisha nikakudanganya kwa miaka saba.

Nitatua Penang tarehe 28, Jumamosi asubuhi. Shali ninayo. Usipokuja kunipokea nitaelewa. Nitatafuta teksi na kubisha mlangoni kwako. Nawe umezoea kuniita Ito, kama dada anavyomwita kakaye. Sikulazimishi uache kwa siku moja. Ila kabla sijaja niandikie, hata kama ni kunitukana. Nitakusoma mpaka mwisho.

Mama anambusu mtoto na anauliza ameota meno mangapi. Msalimie Kannan na wazazi wake. Baba hajasema nikusalimie. Jana tu, akiwa anafunga geti, aliniuliza mtu wa umri wake pasipoti inamchukua siku ngapi.

Ni mimi dada yako,

Rondang