Mbiu Aliyoipiga Mtani

Jumatatu, 4 Mfunguo Tano

Mbiu tangu alfajiri. Soko zima lilisimama kunisikiliza. Karani anaandika amri, lakini karatasi haimtishi mtu. Mdomo wa akida ni mimi. Amri chungu naipaka asali mpaka mtu anaimeza anashukuru. Nikipaza sauti hapa Morogoro, mbwa wa Ngerengere wanabweka. Wapo waliowasikia.

Amri ya leo: vijana wa Matombo washuke Alhamisi wakachimbe barabara ya Wadachi. Kijiji kisichoshuka kitachomwa moto. Kijiji cha dada yangu kimo.

Goti linauma. Ni lile aliloniuma chui. Chui wawili. Nimemtuma Mhando, mpiga mbiu mwenzangu, Mzigua. Sauti hana, miguu anayo.

Jumatano, 6

Mhando karudi kapakwa majivu uso mzima, anacheka. Ati: "Watani wangu wale! Nimewaambia nyumba zitachomwa, wakasema nianze na ya jumbe, ina kunguni."

Mzigua kwa Waluguru! Mtani akikwambia unakufa, unamcheka. Hata mtoto anajua. Na nimemtuma mimi.

Alhamisi, 7

Vijiji vingine vimeshuka. Cha dada, hata kuku hajashuka.

Akida kanifokea: "Si ulisema Waluguru umewashika mkononi?" Nikajibu wako njiani, daraja limevunjika. Karani alilivuka asubuhi. Akaendelea kuandika.

Askari wanapanda Jumapili. Naogopa. Nikikaa nasimama. Nimekwenda sokoni mara tatu, sikununua kitu. Kesho napanda mwenyewe, goti lipende lisipende.

Jumamosi, 9

Matombo. Jana kutwa njiani, na leo. Goti limekuwa kama fenesi.

Wapwa wangu walinipokea kwa shangwe. "Shikamoo mjomba! Na wewe umekuja kutuchoma?" Nikasema askari kesho wanatoka. Wakaangua kicheko. Mdomo huu ndio uliowaambia habari za chui. Nani auamini?

Dada peke yake hakucheka. Akasema, "Kaka, sema tena. Usipambe."

Nikasema. Kazi ni nzito. Malipo siyajui. Siku ya kurudi siijui. Msiposhuka, moto. Basi. Sijawahi kusema amri hivyo, uchi. Niliona aibu.

Mpwa wangu mkubwa, Kobelo, akauliza, "Mjomba, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Mimi ni mjomba wenu, nawaamuru mshuke. Kwetu Waluguru neno la mjomba linapita la baba. Wakaenda kufunga mizigo. Hakuna aliyenitazama.

Jumapili, 10

Tumekutana na askari njiani. Niliwaonyesha vijana. Waliwahesabu, wakageuka nao. Kobelo hakuniaga.

Jumanne, 12

Vijana wako barabarani. Akida kanisifu mbele ya karani, ati hakuna mdomo kama wangu. Mhando kanitania kuhusu goti. Sikucheka, akaondoka.

Nimeomba ruhusa ya siku chache. Kesho napanda na jembe. Mahindi ya dada yamezidiwa na magugu, na mikono ya kuyapalilia nimeishusha mimi.