Mutoto wa Masharubu

Baraka, 1956

Baba ya Saumu,

Huku Baraka tuko wazima. Kazi yako ya bandari ku Albertville iko namna gani?

Ule muzungu mwenye kuchunguza samaki alinionyesha ajabu. Samaki mama anaficha batoto yake mu kinywa, yeye mwenyewe hakuli kitu. Alifungua kinywa ya mumoja, batoto bakamwangika, na katikati yabo mutoto wa kambale, na masharubu yake!

Nikauliza, "Mama anajua kama ule si wake?"

Muzungu akajibu, "Hawa, hata kwetu Ulaya hakuna mutu anajua."



Juzi mwanamuke mumoja alitoka ku Albertville, akaniachia mutoto mwenye masikio yako. Amekula, analala na Saumu.

Ule samaki anajua, bwana. Anajua, na anamufungulia kinywa.

Mi, mama yabo,
Hawa