Shangwe ya Mstari wa Mbele

Kwako Kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyingine mpe wifi. Nimemwomba akukabidhi barua hii ukiwa umeshakula, maana nakujua: ukisoma jambo zito na njaa, utagombana mpaka na kiti unachokitengeneza. Natumaini mgongo umeanza kupoa na watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, ila sina raha. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi kukaa. Niko kwenye stoo ya ofisi ya kampeni, nimekalia marobota ya fulana zenye sura ya mgombea wetu, na simu nimeilaza kifudifudi isinisumbue.

Utauliza kwa nini nisikupigie kwa video tukazungumza kwa mikono kama siku zote. Siwezi. Ungeniona usoni ungejua yote kabla sijafika popote, na mimi nataka uyapate kwa mpangilio.

Nianze na ya huku. Baada ya ule mkutano wa uwanjani, ambao wewe na viziwi wenzako mliketi mstari wa mbele na mimi nikawa jukwaani nawatafsiria, mambo yalimwendea mgombea kombo. Umeshasoma magazetini alichosema kuhusu mpinzani wake, yule mama asiye na maneno mengi. Kwamba anayetaka mbunge wa kukaa kimya amchukue bubu yeyote pale mbele ampe kiti, yeye na yule mama wapungiane mikono bungeni kama watu wanaofukuza nzi. Hata kuyaandika naona kinyaa. Kesho yake kila redio ilikuwa inarudia sauti yake. Walimu walimsusa, akina mama wa sokoni wakafuta mwaliko wao, na wakubwa wa chama chake wakamwita wakamwambia aombe radhi hadharani au jina lake liondolewe. Meneja wa kampeni aliacha kunyoa ndevu. Ofisini watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Nilidhani habari yake imekwisha na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu ikapatikana ile video. Mtu alikuwa amerekodi kwa simu: mgombea anayasema maneno yale, uwanja mzima unacheka, kisha simu inageukia mstari wa mbele, na nyinyi wote mmenyanyua mikono juu mnaitikisa kwa furaha, na wewe mwenyekiti wa chama chenu cha viziwi umesimama, meno yote nje. Meneja aliisambaza siku hiyo hiyo, akauliza kama viziwi wenyewe wameshangilia, hao wengine wanalilia nini. Basi upepo ukageuka. Walioapa kumnyima kura wakaanza kusema kuwa walitiwa maneno tu. Fulana hizi nilizozikalia, ambazo hakuna aliyezitaka hata za kudekia, sasa zinagombewa. Mgombea mwenyewe alinipiga piga begani akaniambia mimi ni bahati yake, na akishinda nitakuwa mkalimani wa bungeni, kazi ya kudumu. Nikacheka. Mpaka sasa sijui nilichokuwa nacheka.

Ndipo ukafika ujumbe wako. Unasema karakanani ukiinua mikono kuzungumza, wenzako wanatazama pembeni, na mimi najua hakuna mlango unaofungwa kwa nguvu kuliko huo. Unasema chamani kwenu wanakuita mtu wa kununuliwa. Wale mlioketi nao wameanza kusema kwamba mkalimani ndiye aliyewapa maneno mengine, na wewe ukasimama ukawakatalia. Ukawaambia lazima mgombea alianza na ahadi ile nzuri mliyoiona, mkanyanyua mikono kufurahi, na tusi likaja nyuma yake wakati hakuna anayenitazama. Ukaapa kwamba mdogo wako hawezi kubadili neno, na ikithibitika amebadili, uenyekiti unauacha. Sasa unataka nikuandikie barua ya kuthibitisha hayo, uisome mbele ya wanachama Jumamosi.

Nimeinuka tena hapa. Nimeyapanga upya marobota ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Kaka, barua hiyo siwezi kuiandika. Hakukuwa na ahadi. Alisema sentensi ile moja, niliisikia vizuri kabisa, na mikono yangu ilikuwa tayari hewani. Nikakuona umekaa na shati lako la kupigwa pasi, shingo umeivuta mbele, unangoja nikuletee. Nikashindwa. Nikawaambia mgombea amesema kwamba kiti cha bungeni ni chenu pia, na siku mkiingia mtasema kwa mikono yenu na watu wote watatulia kuwatazama. Mkashangilia. Nyuma yenu watu wakawa wanacheka, nanyi mkadhani mnafurahi pamoja nao.

Nilijiambia ni huruma. Lakini huruma ile ndiyo iliyomfufua mgombea, ikakuacha wewe unajibu kesi ambayo si yako. Na mkono huu umezoea, Kaka. Yule muuza duka wa mtaa wetu wa zamani, uliyekuwa ukimwinamia kwa heshima kila tukienda kununua sukari, hakuwahi kukusalimia hata siku moja. Aliyokuwa akiyasema ni mengine. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma, nami nimekuwa nikikuchagulia la kujua kama mtoto. Naona aibu, na aibu hii haikai mahali pamoja.

Leo asubuhi nilimweleza meneja. Alicheka kwanza, kisha akafunga mlango, akaniomba ninyamaze mpaka kura zihesabiwe, kwa kuwa hata nikisema hakuna atakayeniamini. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa mwandishi wa redio. Ameshanirekodi, ameahidi hatatangaza mpaka nimwambie umesoma wewe kwanza. Najua chama cha wakalimani kitaninyang'anya kibali, na sitabishana nao. Nimerudi hapa ofisini kuchukua mkoba wangu tu, nikajikuta nimeketi kukuandikia.

Kwa hiyo Jumamosi soma barua hii badala ya ile uliyoiomba. Isome yote, usiruke mstari. Nitakuwepo, nitasimama mbele, na atakayeniuliza nitamjibu mwenyewe. Usinitetee tena, nakuomba.

Nibusie wanao, na mwambie wifi ahsante kwa kubeba bahasha hii bila kuuliza. Ninalokuomba la mwisho ni hili: tukionana, na najua utakuwa na hasira, sema nami kwa mikono yako yote miwili. Unitukane lote unalotaka kunitukana. Usinipunguzie hata neno moja.

Ni mimi,
mdogo wako