Kiti cha Pili cha Shangazi Renae

Mwaka mzima umetimia, Shangazi, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipotuacha. Mashine za kuvuna mahindi zilikuwa zimeanza kunguruma, na vumbi la makapi lilielea dirishani kwako, jepesi, la dhahabu, kana kwamba shamba lote lilikuwa linaota. Baba alikuwa amekushika mkono. Anasema ulivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha ukaona halina haraka.

Mahindi yamekauka tena. Vumbi ni lile lile.

Bibi Arlys, mama yako, ndiye aliyetaka niandike mimi tangazo hili la kumbukumbu. Nilidhani ni kwa sababu nimehitimu chuo mwezi Mei. "Wala," akasema, huku akikunja taulo. "Ni kwa sababu wewe ndiye uliyeachana naye vibaya." Basi naandika mbele ya wote wanaosoma gazeti la wilaya wakinywa kahawa, nao wanisikie.

Ulikuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Sandrock kwa miaka thelathini na mitatu. Kiti chako kilikuwa cha pili kwenye benchi, kushoto kwa kocha mkuu. Msimu uliopita hakuna aliyekikalia; wasichana walitandika hapo taulo lako la kijani. Sasa Kocha Vondrak ameniomba nikikalie mimi, niliyekuwa mwandika takwimu tu wa timu, na anataka jibu kabla ya mazoezi ya kwanza Jumamosi hii. Hilo limeninyima raha mwezi mzima, Shangazi. Unakumbuka nilichokuambia.

Ila kwanza niwakumbushe watu ulivyokuwa.

Kila saa kumi na mbili asubuhi, hata theluji ikifika magotini, ulikuwa tayari chini ya kikapu. Taa za ukumbi ziliwaka polepole, zikivuma kama nyuki, mwanga wake wa bluu kwanza, kisha mweupe. Msichana anatupa, unadaka, unamrudishia. Anatupa, unadaka, unamrudishia. Vidole vyako viwili vilikuwa na plasta siku zote. Neno lako lilikuwa moja: "Tena." Mimi nilikuwa na miaka sita, nimelala juu ya makoti kwenye viti vya watazamaji, na sauti ile ndiyo iliyonibembeleza. Mpaka leo nikisikia mpira ukipita nyavuni bila kugusa chuma cha kikapu, macho hunilegea.

Siku za mechi ulipita kwa Bibi kuchukua sufuria la maharagwe ya nyama na pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini. Ulisema hakuna msichana anayeweza kumkaba mtu huku anawaza jiko la kwao.

Na mchezaji wako Dacia Pruitt, mzaliwa wa Waterloo, aliyekosa mitupo miwili ya mwisho, Sandrock ikafungwa kwa pointi moja! Kesho yake alijifungia ndani ya gari lake nje ya ukumbi. Wewe ulifungua mlango wa upande wa pili ukaketi. Alitusimulia mwenyewe siku ya mazishi yako.

"Kocha, mimi humo siingii."

"Nani kakwambia uingie? Nimekuja kuota moto. Hita ya gari langu imekufa."

Mkakaa robo saa, vioo vikijaa ukungu.

"Kocha, gari lako si lile pale?"

"Ndilo."

"Mbona theluji yote imeyeyuka kwenye kioo?"

"Basi nimedanganya. Njoo unifukuze ndani."

Siku hizi Dacia ni muuguzi, ana watoto wawili. Alicheka akisimulia, halafu akashindwa kumaliza.

Vijana wa leo hawaujui mchezo uliokulea. Katika jimbo letu la Iowa, wakati ule, wasichana wa sekondari walicheza sita kwa sita: watatu washambuliaji upande mmoja, watatu walinzi upande mwingine, na mstari wa katikati haukuvukwa na mtu yeyote. Wewe ulikuwa mlinzi. Miaka minne hukutupa mpira kikapuni katika mechi hata mara moja. Kazi yako ilikuwa kuupokonya, kuudunda mara mbili tu kama sheria ilivyotaka, kuufikisha mstarini na kuukabidhi.

Ndipo ukaenda chuoni, ambako walicheza watano na uwanja wote ulikuwa wazi. Mechi yako ya kwanza uliupokonya mpira, mbele yako hapana mtu, kikapu kinakungoja. Ukakimbia mpaka katikati ukasimama. Mguu mmoja juu! Ukawa unatazama huku na huku umpe nani. Benchi zima lilipiga kelele. Wazee walimwaga kahawa kwa kucheka. Na Bibi alisimama kwenye safu ya tatu na koti lake la kanisani: "Vuka, Renae! Siku hizi ruhusa!"

Kichekesho hicho tumekila mezani miaka yote, pamoja na mbatata. Mimi ndiye niliyekigeuza kisu.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, tunakula mahindi ya kuchemsha yenye siagi. Ugonjwa wako tulikuwa tunaujua, na mabega yako yalikuwa yamekwisha. Baba alitaka kutuchangamsha.

"Miaka thelathini na mitatu kiti cha pili, dada! Hata nguruwe wangu, angepelekwa maonyesho ya jimbo mara zote hizo, angeshapewa utepe wa ushindi."

"Nguruwe wako angependa kubaki nyumbani, Doyle," ukamjibu. "Amezoea kukuona. Mmefanana."

Wote walicheka ila mimi. Nilikuwa nimeambiwa wiki ile kwamba uliombwa mara mbili kuwa kocha mkuu, mara moja katika chuo cha Nebraska na mara moja hapa hapa Sandrock, ukakataa zote mbili. Hii ya pili ulimsukuma mbele Patrice Vondrak, mchezaji uliyemfundisha mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya kukupenda, lakini ilitoka na miiba.

"Wewe uliogopa tu, Shangazi. Ulisimama mstarini siku ile, na hujawahi kuvuka."

Ulijifuta siagi kidoleni, taratibu.

"Maren, umewahi kuona mtu anatupa na kujidakia mwenyewe mpaka anajua kutupa?"

Niliinamia hindi langu.

"Haya, nipitishie chumvi."

Nilikupitishia chumvi. Msamaha sikukuomba. Nilirudi chuoni nikidhani Krismasi ipo.

Jumanne iliyopita nilikwenda ukumbini kumwambia Kocha Vondrak hapana. Baba alikuwa amenitafutia nafasi katika ofisi ya bima kule Des Moines, na nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi alivyoninunulia, ili nivizoee. Nilijiambia kwamba sistahili kiti cha mtu niliyemwita mwoga. Kocha alikuwa kwenye simu. Uwanjani alikuwepo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mrefu, peke yake, akitupa na kukimbilia mpira wake kila kona. Mmoja ulibingirika ukagusa kiatu changu.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Napita tu."

"Basi pita polepole. Nimechoka kuukimbiza."

Nikavua viatu. Nikasimama chini ya kikapu na soksi. Anatupa, nadaka, namrudishia. Jua la mchana liliingia kwa madirisha ya juu, likashuka ukutani, likalala sakafuni, na sijui lilichukua muda gani kufanya hivyo. Kulikuwa na mpira tu, ukienda na kurudi kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Ndipo nikaona, Shangazi. Anayetupa huangalia chuma. Walioketi huuangalia mpira. Aliye chini ya kikapu ndiye pekee anayeuona uso. Niliuona mdomo wake ukitetemeka alipokosa mara tatu mfululizo, na nikaona mahali hasa alipoamua kutolia. Hakuna mwingine ambaye angejua jambo hilo limetokea.

Wewe ulikuwa ukiyaona hayo kila asubuhi, kwa miaka thelathini na mitatu. Hukusimama mstarini kwa woga. Ulisimama mahali ulipopapenda.

"Tena," nikamwambia.

Kocha Vondrak alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Umekuja kunikatalia, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sema basi, niendelee na kazi."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Huyu amebakisha mitupo kumi na tisa."

Alizima taa ya ofisi yake akaondoka, na hakuniuliza tena.

Nisamehe, Shangazi Renae. Nilipaswa kukuambia mezani, na siagi mkononi. Baba amevirudisha viatu dukani. Amenung'unika njia nzima, kisha akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi, eti ajue tu.

Jumamosi nitaingia kwa upande wa walinzi. Nikifika mstari wa katikati nitasimama kidogo, mguu mmoja juu, kwa ajili yako. Bibi atakuwa safu ya tatu na koti la kanisani, naye amekwisha kutuambia maneno atakayopaza. Kisha nitavuka, nitalikunja taulo la kijani, nitaliweka magotini, na nitakaa.

Unakumbukwa na mama yako, Arlys Tjaden. Mdogo wako Doyle na mkewe Jodi. Mimi Maren, mtoto wa ndugu yako. Patrice Vondrak na wasichana wote wa Sandrock, wa zamani na wa sasa, ambao hakuna hata mmoja uliyemwacha akimbize mpira wake mwenyewe.

Pumzika, Shangazi. Tunakukumbuka leo, na kesho tena, na siku zote zilizobaki.