Gari la Tairi Vipara

Kinoo,
Jumapili alasiri

Mama Mwende mpenzi,

Mnaendeleaje huko Mwingi? Goti la Mama limepoa? Na yule mbuzi mkorofi, bado anatafuna nguo kwenye kamba? Mimi ninakula vizuri, na dawa za kifafa ninameza asubuhi na jioni kama nilivyokuahidi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Nimenunua gari. Keti kwanza. Ni la kuchezea, la rimoti, na usukani wake hauzidi kifuniko cha soda.

Tangu siku ile nilipoanguka kifafa kwenye lori nikamvunja mguu muuza mahindi, sijagusa usukani. Nauza misumari River Road, na kila lori likipita, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki wenyewe. Hilo sikuwahi kukwambia. Basi hapa Kinoo kuna watu wazima, wenye kazi zao, ambao kila Jumapili wanatelezesha magari haya ubavu-ubavu kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko. Wanaita kudrifti. Niliwatazama nikaona wivu.

Dukani Dagoretti Corner nilifanya kosa la dereva. Nilikagua tairi za kila gari, nikachagua lenye meno marefu kuliko yote. Mwenye duka, dada anayeitwa Wanjiru, akacheka.

"Mzee, hiyo ni ya matope. Kama ndio unaanza kudrifti, chukua hii. Tairi ni plastiki ngumu, haina meno hata moja."

"Vipara? Miaka yote hiyo barabarani sijawahi kutembea na vipara!"

"Basi utaanza leo. Tairi ikishika barabara, gari itateleza aje?"

Unanijua. Nikabeba la meno. Jumapili iliyopita uwanjani halikuteleza hata kidogo. Kila kona lilipinduka kama kobe, watu wakashika mbavu. Jana nilirudi kwa Wanjiru mdogo kama kidonge cha piriton, akanibadilishia bila kunisimanga.

Sasa ya leo, na usishtuke. Nililizungusha la vipara duara zima, mkia nje, mikono yangu ikikata usukani kinyume kama zamani kwenye utelezi wa Kitui. Nilifurahi, Mama Mwende! Kisha kifafa kikanishika. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, koti la mtu chini ya kichwa. Nikauliza lile swali la siku ile ya lori.

"Nimegonga nani?"

"Umegonga ukingo, mzee. Taa moja tu imepasuka."

Nililia mbele yao wote, wala sikuona haya.

Kesho nitaenda kliniki niwaeleze. Najua unataka nirudi nikae nyumbani. Krismasi nitakuja, lakini si kukaa. Fagia ule uwanja wa saruji wa kuanikia mahindi, nitakuonyesha kitu.

Msalimie Mama, mwambie Mwende asome, na kaka yako fundi redio anitafutie taa ndogo.

Mimi mumeo,
Baba Mwende, dereva