Kadi Mia na Hamsini za Bi Zuhura

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Mafungu kumi na moja leo. Kila fungu karatasi tatu, zimebanwa pamoja kwa vibanio vya nguo. Shingo imekakamaa. Kidole cha shahada kimechimbika mfereji wa kushika kisu, nadhani nitazeeka nao.

Mzee Jivraj neno lake ni lile lile: geuza karatasi, usigeuze mkono. Wiki ya tano hii nipo kwenye duka lake la kadi na mihuri hapa Shinyanga na mkono bado unataka kujigeuza wenyewe. Chuoni tulichora tu. Hakuna aliyetuambia kwamba ukikata ukingo kabla ya kukata ndani, karatasi inalegea na ua zima linapinda. Niliharibu sita ndipo nikaelewa. Mzee hakugomba. Alizibandika ukutani mbele ya macho yangu. Bora angegomba.

Kisu chetu ni nusu ya wembe, imechomekwa kwenye kijiti cha mwanzi na kufungwa uzi. Basi. Na kioo cha dirisha cha kukatia juu yake.

Fomu ya chuo iko kwenye droo yake. Ina nafasi ya kazi, nafasi ya tabia, na sahihi. Bila sahihi narudia mwaka, na Baba ameshasema kwake hakuna kurudia mwaka. Kaka Masanja ametuma salamu kutoka Geita: nikishindwa niende nikawapikie ugali wachimbaji wenzake. Ametuma kwa utani. Mimi sikucheka.

Fildi, haya mafunzo ya kazi ya chuo, inaisha Jumamosi.


Jumanne, 8 Septemba

Bi Zuhura kapita kuangalia maendeleo. Ana duka la khanga mtaa wa pili, na binti yake anaolewa wiki ijayo. Kadi za mwaliko mia na hamsini. Yeye ndiye aliyetuletea kadi ya mfano kutoka Uingereza, aliyotumiwa na shoga yake. Imekatwa na mashine inayotumia mwanga, wanaiita leza. Eti mwanga unakata karatasi! Kingo zake zimebabuka kidogo kama mkate uliokaa motoni. Nimeinusa. Inanuka moshi kwa mbali.

Anataka za kwake ziwe vile vile. Juu Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, zimetobolewa mpaka upande wa pili, chini maua. Siku ile Mzee alimjibu kwamba mashine hana, ana Kabula. Jamani, kichwa kilivimba siku tatu.

Herufi alizichora kaka yake Bi Zuhura, yule Maalimu wa madrasa. Mimi nafuata mstari. Sizisomi. Mzee naye hazisomi, yeye ni Mhindu wa mahekalu. Kwetu sote wawili ni mapindo magumu tu. Kuna pindo moja lilinitesa tangu Ijumaa, leo nimelikata kwa pumzi moja bila kuinua wembe. Nikacheka peke yangu.

Nina mwendo sasa. Nakata, nasukuma herufi kwa ncha ya sindano, zinadondoka chini, napuliza vumbi, fungu jingine. Jioni nafagia, natia kwenye kiroba, namwaga kwenye shimo la taka nyuma ya duka. Mzee kanitazama nikifagia, kasema fundi msafi ni nusu ya kazi. Kumbe ana maneno mazuri, anayabania tu.


Jumatano, 9 Septemba, saa nne asubuhi

Naandika stoo. 

Mama Rehema huwa anatuletea chai na chapati kutoka kibanda chake hapo jirani. Leo kaingia na birika, kasimama ghafla. Kaweka birika chini. Kainama karibu na kisigino changu, kaokota kitu. Herufi. Kaibusu, kaigusisha kwenye paji la uso, kaiweka juu kabisa ya kabati.

“Kabula mwanangu, unajua umekanyaga nini?”

Nikasema karatasi, Mama.

“Hilo ni jina la Mwenyezi Mungu.”

Mimi si mjinga. Najua Bismillahi ni jina la Mungu. Lakini akilini mwangu jina liko kwenye kadi. Kilichotoka kwenye kadi nilikiita takataka. Sikuwahi kufikiri: kadi inabaki na matundu, kinachoanguka ni zile herufi zenyewe. Jina lenyewe. Nimelikanyaga kwa kandambili tangu Ijumaa. Nimelifagia. Nimelimwaga kwenye maganda ya ndizi. Kadi mia na ishirini na kitu.

Kwetu Ushirombo, padri akimaliza komunyo anapangusa sahani kwa kidole ili chembe isianguke. Nimekua nikiona hivyo kila Jumapili. Sasa mimi nimefanya nini? Nina aibu.


Jumatano, jioni

Nimeingia shimoni.

Nilitoka mbio maana Jumatano ndiyo siku ya kuchoma taka. Mzoa taka alikuwa ameshamwaga mafuta ya taa upande mmoja, kiberiti mkononi. Nilimshika mkono. Alidhani nimerukwa na akili. Nikaruka ndani na sketi yangu, majivu mpaka magotini, vichwa vya samaki, nzi. Mama Rehema kasimama ukingoni na bakuli jeupe. Nikawa naokota moja moja, nampa, anapangusa kwa khanga, anaweka. Jua la Septemba kichwani. Herufi kubwa zinaonekana. Zilizolowa zinakatika. Nukta za herufi hazionekani kabisa, ni ndogo kama dengu.

Mzee Jivraj katoka kuuliza kwa nini mteja anasubiri na mimi nimo shimoni. Nikamwambia. Kakaa juu ya kreti tupu la soda. Mzee huyu hata kiti cha wateja hukifuta kwanza ndipo akikalie.

Kasema ana miaka thelathini mji huu. Wanawe walijifunzia kutembea kwenye baraza za watu hawa. Ikisemwa kwamba kwenye duka la Mhindu jina la Mungu wao linakanyagwa...  Nilimwona anaogopa. Sikujua kama mtu mzima vile anaweza kuogopa mbele yangu.

Kisha akasimama na kutoa amri. Vilivyookotwa, Mama Rehema avizike. Kesho kadi zinakabidhiwa. Hakuna kusema neno. Akanikazia macho mimi.

Mama Rehema akachukua birika lake, bakuli akaniachia. “Mimi simo,” akasema.

Nimeoga mara mbili. Bado nasikia harufu ya shimo. Ugali umenishinda.


Alhamisi, 10 Septemba

Nimemaliza mafungu ya mwisho asubuhi, nimetandika kitambaa cheupe chini ya meza. Kila herufi ikidondoka naruka kama nimechomwa. Ajabu ni kwamba ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliinua kadi moja dirishani, Bismillahi ikatokea ukutani kwa mwanga wa jua. Mzee aliona. 

Bi Zuhura kaja saa nne na kaka yake, Maalimu. Kashika kadi ya juu. Machozi yakamlenga. Kisha akanishika mkono huu wa kulia, wenye mfereji, akasema Mungu aubariki. Hapo ndipo nilipokwisha. Angetafuta kasoro ningenyamaza. Naapa ningenyamaza.

Nikasema yote. Sakafu, ufagio, kiroba, shimo, nukta zisizopatikana. Nikasema Mzee alikuwa hajui, na hakuna aliyenituma kusema. Mzee alikuwa anafunga kifurushi. Akaachia uzi.

Bi Zuhura aliweka kadi mezani polepole, akatoka nje barazani. Akasimama ametupa mgongo. Maalimu akaniuliza swali moja tu, kama nilijua. Nikasema sikujua. Akasema basi kwa lililopita usijitese, ila kuanzia sasa unajua. Nilitamani anipige kofi ningepumua.

Bi Zuhura akarudi ndani. Hakuuliza kuhusu shimo. Aliuliza wageni wake wataziweka wapi kadi hizi harusi ikiisha.

 Sote tunajua kadi zinakwenda wapi. Zinawashia jiko. Zinafungia karanga.

“Mimi mwenyewe nilitaka kuringa na kadi ya Ulaya,” akasema. “Sikuwaza. Maalimu nawe hukuwaza.” Maalimu akainamisha kichwa. Bi Zuhura akasema hawezi kuzigawa hivyo. Na kesho baada ya swala ya Ijumaa watu wanaondoka nazo, wengine kwenda Kahama, wengine Geita. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba za kukata upya hakuna muda, hata angekuwa na Kabula kumi.

Nikasikia sauti yangu. Maua yanaanza chini ya Bismillahi, kuna nafasi ya upana wa kidole. Tukiondoa kipande cha juu chote kwa rula, kadi inakuwa fupi lakini inasimama. Hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kitu.

“Kiondoe,” Bi Zuhura akasema. Hakunitazama.

Mzee hajanisemesha tangu hapo. Nilimwamkia jioni wakati wa kuondoka. Shikamoo yangu ikabaki hewani.


Ijumaa, 11 Septemba

Rula ya chuma. Mara mia na hamsini.

Nimeikata kazi yangu nzuri kwa mkono wangu, moja moja. Lile pindo la pumzi moja. Yote. Za kwanza thelathini nililia, makamasi na kila kitu, nikawa nageuza uso nisilowanishe karatasi. Baadaye mkono ukazoea. Nimejifunza jambo: mstari ulionyooka ni mgumu kuliko pindo, maana kosa lake anayepita barabarani pia ataliona.

Saa sita kasoro robo nimemaliza. Vipande vya juu vyote nimevipanga kwenye kitambaa cheupe pamoja na bakuli la Mama Rehema. Mzee alikuwa kwenye meza yake anapiga mihuri ya mpira, mgongo kwangu.

Bi Zuhura kaja kuzichukua kadi. Kapitisha kidole kwenye kila ukingo wa kadi ya kwanza, kaiweka, kachukua ya pili. Kisha akasema chukua kitambaa hicho, twende.

Nyuma ya nyumba yake, pembeni ya ukuta pasipopita mtu, Maalimu ameshachimba. Kashimo kadogo, udongo mkavu, msafi. Nikamnyoshea Bi Zuhura kitambaa. Nikamwambia mimi si wa dini yenu, Mama.

“Wewe ndiye uliyezikata,” akasema. “Ziweke.”

Nikapiga magoti nikaziweka. Maalimu akafukia kwa mikono. Adhana ikaanza, wao wakaenda zao. Nilikaa pale kidogo, sikujua niende wapi. Baadaye nikarudi dukani nikafagia.


Jumamosi, 12 Septemba

Siku ya mwisho. Nimesafisha kioo, nimenoa, nimepanga vibanio. Nikasubiri. Saa saba Mzee akaniita.

Akaniuliza Jumatano aliniambia nini. Nikasema uliniambia nisiseme. Akauliza na mimi nikafanya nini. Nikasema nilisema.

Akafungua droo, akaitoa fomu, akaitazama muda mrefu. Akairudisha. Akafunga kwa ufunguo na kwenda kula.

Nilimsubiri mpaka saa kumi. Hakurudi. Mkewe ndiye aliyekuja kufunga duka.

Basi. Ni Geita. Nimeanza kufunga nguo. Nina hasira naye, nina hasira na Bi Zuhura na leza yake, nina hasira na mdomo wangu. Na nikiulizwa tena leo ningesema tena, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.


Jumapili, 13 Septemba

Nimetoka misa nikamkuta Mama Rehema amekaa kwenye ngazi ya chumba changu. Kaleta bahasha. Kasema Mzee alipita kibandani kwake asubuhi, hakunywa hata chai, kaiacha na kuondoka.

Nimemshukuru Kisukuma, wabeja, akacheka. Alipoondoka ndipo nikafungua.

Fomu. Kwenye nafasi ya kazi ameandika kwa ule mwandiko wake wa kulala: Mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Kwenye nafasi ya tabia: Hatii maagizo. Chini sahihi, na muhuri wa duka.

Nimesoma mara tatu. Baba ataanzia kwenye tabia, namjua. Acha aanzie.

Mchana huu kuna upepo na vumbi, nimefunga dirisha. Basi la chuo ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimeiweka fomu katikati ya daftari hili isije ikapinda.