Maureen wa Meza ya Pili

Marahaba, Salma wangu. Huku Great Barr sisi wazima. Mama yako ameanza zamu za mchana, na babu yako bado anagombana na paka wa jirani.

Umeniuliza wanafunzi wako wa Japani uwafundishe salamu ipi ya Kiingereza, ya kitabuni au ya kwetu Birmingham. Ngoja nikwambie.

Wiki yangu ya kwanza kwenye karakana ya vito kule Hockley, Maureen wa meza ya pili alinipita akasema, "Orait, bab?" Kila mji huku una salamu yake, na ya hapa ndiyo hiyo, kama kusema "Mzima, mpenzi?" Unajibu "orait" unaendelea na kazi. Mimi sikujua. Nikaweka bangili chini, nikamjibu kwa Kiingereza cha kubabaisha kama nilivyozoea kujibu Unguja: mimi mzima, ila mama goti linamsumbua, na kaka kapata mtoto. Kisha nikamuuliza, na kwao hawajambo? Nikangoja.

Wenzetu wakacheka. Maureen alikuwa keshafika mlangoni. Akarudi, akavuta kiti, akanieleza habari za mumewe.

Tangu siku hiyo akawa anafika kazini dakika kumi mapema, tusalimiane kwanza ndipo tuwashe mashine. Goti la mama alilijua kuliko daktari. Mama alipofariki, wa kwanza kubisha hodi kwangu alikuwa Maureen, kabla ya ndugu zangu.

Wafundishe ile fupi ya hapa, mjukuu wangu, itawafaa njiani. Ila akitokea wa kukujibu kwa kirefu, vuta kiti.

Bibi yako,
Zuwena